Shahidi Wako Yu Hai?

Sehemu ya kumi na moja

Wale mlionipigia simu kulalamika kwamba nimemwacha Stumai amesimama mlangoni wiki nzima, mkono juu, hajabisha hodi, poleni. Hata yeye miguu imemuuma. Mlango unafunguliwa sasa hivi.

Hakubisha. Alisukuma.

Lusajo alikuwa amejilaza kitandani na viatu vyake, kompyuta mapajani, anatafuna karanga. Huyu ndiye mtafiti wetu kutoka chuo kikuu, mtoto wa Tukuyu, mtu wa maneno laini, ambaye watu wa Kasulu wamempa udaktari kabla chuo hakijampa. Alikuja kuchunguza nini kinawapata wenyeji mji mdogo unapoanza kupanda bei. Alipomwona msaidizi wake ameingia bila hodi, alishusha miguu.

"Dada Stumai. Karibu. Mbona hivyo?"

Stumai alimrushia ile karatasi aliyoiokota kwenye kiti cha gari la Makarius. "Soma."

Lusajo akasoma. Yalikuwa majina kumi na mawili ya watu wa mtaa wa Nyarumanga, kwa kalamu ya bluu, kila jina na alama ya vema pembeni.

"Ni majina," alisema.

"Ni watu. Ni watu kumi na wawili waliojibu hapana kwenye swali la kumi na saba. Si kumi na mmoja, si kumi na watatu. Ni hao hao. Nani mwingine aliyajua majibu yao zaidi yangu na wewe?"

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo tu, labda umefungiwa maandazi, nikudokeze upesi. Nyarumanga ni mtaa wa zamani nyuma ya stendi ya Kasulu, na hauna hati hata moja. Enzi hizo mtu akipewa kiwanja alipanda minyaa mpakani, na jirani mmoja alimshikia mche wakati yeye anashindilia udongo. Aliyeshika mche ndiye shahidi. Shahidi akiwa hai hakuna wa kukugusa, baraza la kata litamwita na atasema. Akifa, umebaki na maneno yako mwenyewe.

Miaka yote hiyo haikuwa shida, maana nani alikitaka kiwanja cha Nyarumanga? Kisha zikaja habari za lami, wakaja wapimaji na vijiti vyao, na mwaka huu wa 2014 kila mwenye uwezo anataka fremu ya duka nyuma ya stendi.

Swali la kumi na saba la dodoso la Lusajo lilikuwa fupi. Je, shahidi wa mpaka wako yu hai? Ndiyo au hapana. Jina la shahidi lisitajwe, maana utafiti una adabu zake.

Na tajiri Makarius wa Kibondo, mwenye gesti na magari ya mizigo, amekuwa akibisha hodi kwa hao kumi na wawili tu. Anawaambia huna hati, huna shahidi, pokea kifuta jasho uhame, ama twende barazani ukose vyote. Wawili wameshaweka dole gumba. Mmoja wao yuko Titye sasa, kwa wakwe zake, na kuku wake kwenye tenga.

"Mimi sijui hata jibu moja ni la nani," Lusajo alisema. "Nilikukataza usiniambie. Unakumbuka? Nina namba tu."

Akamgeuzia kompyuta. Ripoti ilikuwa na kichwa kizuri, Mji Unapopanda Bei, na chini yake jedwali. Kaya namba 7. Kaya namba 22. Kaya namba 41. Stumai alipitisha macho ukurasa mzima akitafuta jina, hata herufi moja ya jina. Haikuwepo.

"Ripoti umempa nani?"

Lusajo aliokota karanga, akaitazama, akairudisha kwenye sahani.

"Dokta, nakuuliza."

"Makarius ni mdau."

"Mdau wa nini?"

"Wa maendeleo. Chumba hiki ametupa bure miezi miwili, dada. Akaomba aone rasimu ili atoe maoni. Ni namba tupu zile, sikuona ubaya."

"Ulisema haitatoka kabla chuo hakijaisoma. Ulisema mbele ya Bibi Niyonsaba kule Nyarumanga, umemshika mkono."

"Nilisema."

"Na umeitoa kwa sababu ya chumba."

Miezi minne Stumai aliingia nyumba za watu na maneno ya mtu huyu mdomoni. Alikula ugali wao wa muhogo, akapokea viazi vya kubeba, akawaambia siri yako iko salama mama, siri yako iko salama mzee, mpaka akayasema usingizini. Na mwenye maneno yake alikuwa ameshayabadilisha na godoro.

Aligeuka kuondoka. Lusajo akamwita.

"Subiri. Nakubali nilikosea. Lakini hata nikimpa Makarius ripoti mara kumi, hawezi kupata majina humo. Namba hizi uliziokota wapi? Nilikuambia uzibuni tu, zisiwe na maana yoyote, na ufunguo ukae kwako."

"Ufunguo uko kichwani. Sijauandika popote."

"Kaya hamsini na sita, na hujawahi kukosea hata moja. Uliziwekaje kichwani?"

Stumai alifungua mdomo ili amjibu vizuri. Dirishani wakapita wanawake watatu wakitoka bombani, madumu ya maji kichwani. Kila dumu lilikuwa na namba ya rangi nyekundu ubavuni. 22. 41. 7.

Akaufunga mdomo.

Msomaji wangu, umeshaelewa, na mimi inaniuma kukueleza. Nyarumanga ina bomba moja. Ili watu wasigombanie madumu kwenye foleni, kila nyumba ilipewa namba yake, zamani, Stumai bado hajaanza shule. Dumu namba 7 ni la Bibi Niyonsaba. Hata mtoto anayetumwa chumvi anajua hivyo. Basi alipoambiwa abuni namba za siri, msichana wetu na kidato chake cha sita akachukua zile zile alizokua nazo, akajisifu kabisa kwamba hatazisahau. Chuo kizima kisingezitambua. Bombani asingekosekana wa kuzitambua.

"Ni mimi," alisema Stumai. "Nimewaandika watu kwa madumu yao."

Lusajo aliangalia dirishani, akaangalia jedwali lake, na rangi ikamtoka usoni. Lakini ana akili yule, tusimnyime. "Makarius hachoti maji bombani," alisema. "Ana matangi yake. Kwa hiyo kuna mtu aliyemsomea. Mtu anayejua madumu yote hamsini na sita bila kukosea."

Stumai alikuwa ameshashuka ngazi.

Bombani walikuwa wanawake wanane. Alipofika, mazungumzo yakakatika. Mmoja, Zuhra, aliyesoma naye darasa moja, alilivuta dumu lake kwa mguu likae mbali naye.

"Umekuja kutuhesabu tena?"

"Zuhra, naomba uniambie shangazi yuko wapi."

Shangazi ni Mwajabu, dada yake baba, mtunza ufunguo wa bomba. Ndiye aliyemlea Stumai tangu alipokuwa na miaka sita, na mkono wake ndio uliopaka zile namba nyekundu. Asubuhi zote yuko pale, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anafungua na kufunga. Leo juu ya ndoo hapakuwa na mtu.

"Ufunguo ameniachia mimi," alisema Zuhra. "Kavaa kanga za Idi. Kaenda kwa Bibi Niyonsaba na mgeni wake wa gari."

"Mgeni gani?"

"Tukuulize wewe. Si mnapiga kazi moja?"

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kuumiza. Stumai hakuwalaumu. Angekuwa yeye upande ule wa foleni, angecheka vilevile.

Alikimbia. Na njia nzima alijiambia kwamba shangazi amekwenda kumtetea Bibi Niyonsaba. Ndiyo maana amevaa vizuri, ili huyo tajiri asimdharau. Shangazi akisimama na mtu, amesimama. Alijiambia hivyo mpaka akaliona gari la Makarius limeegeshwa juu ya minyaa ya Bibi, matawi yamelala, utomvu mweupe unachuruzika kwenye tairi.

Uani walikuwa watatu. Makarius alikaa kwenye kigoda, suruali imenyooshwa vizuri, magoti karibu na kidevu. Mbele yake kinu kilichopinduliwa, na juu ya kinu karatasi na kibweta cha wino. Bibi Niyonsaba alikaa mkekani. Dole gumba lake lilikuwa jeusi tayari.

Na aliyemshika kiganja, anakiongoza taratibu kwenye karatasi, ni shangazi Mwajabu. Alikishika kwa upole ule ule aliomshikia Stumai zamani, akimfundisha kuandika alifu.

"Bibi, usiweke," alisema Stumai.

Mkono ukasimama. Makarius aligeuka, akatabasamu.

"Ndiye huyu binti wa takwimu? Hongera. Umetupunguzia kazi ya mwaka mzima."

Alisema hivyo mbele ya Bibi, bila haya wala kushusha sauti. Stumai hakumtazama, alimtazama shangazi yake.

"Ni wewe uliyemsomea namba."

Alikuwa anaomba akataliwe. Alikuwa tayari kuamini uongo wowote, hata wa hovyo. Mwajabu hakumpa hata huo.

"Alikuja na karatasi, nikaona madumu yangu," alisema. "Wewe uliuliza, mimi nikasoma. Tofauti yetu iko wapi?"

"Mimi sikumuuza mtu."

"Kila mwisho wa mwezi ulilipwa kwa maneno ya watu hawa. Hiyo ulikuwa unaiita nini?"

Lile neno lilimwingia Stumai, maana lilikuwa na ukweli ndani yake, na aliyelisema alijua mahali pa kulipenyeza.

"Sikiliza, mama," Mwajabu akalegeza sauti. "Miaka ishirini nimekaa juu ya ndoo. Mabomba yanakuja majumbani, umeandika mwenyewe kwenye hayo madodoso yenu. Yakifika, nani atamhitaji Mwajabu? Bwana huyu kaniahidi fremu mbili, zinatazama barabara. Moja ni yako."

"Sikuiomba."

"Hata kulelewa hukuomba."

Stumai alimwacha na maneno yake. Akapiga magoti mkekani mbele ya Bibi Niyonsaba, kichwa chini. Bibi huyu mumewe alimfia zamani, watoto wake walihamia mbali mmoja mmoja, na alichobakiwa nacho duniani ni kile kiwanja, migomba kumi na miwili na kaburi la mume katikati yake. Akihama hapo, kaburi linahamiwa na choo cha gesti.

"Bibi, nisamehe. Nilikuuliza kama shahidi wako yu hai. Ukasema amekufa, nikaandika. Hicho ndicho kilichowaleta kwako."

Bibi alimwinua kidevu kwa mkono wa pili.

"Mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao, "na wewe ulitaka nijibu nini?"

"Ukweli, Bibi."

"Nikujibu ukweli wewe? Umekaa hapa hapa, unakula viazi vyangu, unaniangalia machoni?"

"Bibi Niyonsaba," Mwajabu akadakia haraka. "Tuliahidiana."

Makarius aliinua kichwa. Ahadi asiyoijua haikumpendeza.

"Ego, ndiyo, tuliahidiana kumficha mtoto," alisema Bibi. "Hatukuahidiana uje kuniuza mimi, umekalia mgongo wa mtoto huyo huyo."

Akautoa mkono wake kwenye mkono wa Mwajabu. Akafuta dole gumba kwenye kitenge, mara mbili, mpaka kitenge kikabeba wino wote.

"Aliyenishikia mche ni Hilali," alisema. "Baba yako."

"Baba ni marehemu."

"Oya. Hakufa."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa. Hakuna aliyemfukuza.

"Alikamatwa ng'ambo, Burundi kule, na magendo ya kahawa," Bibi akaendelea. "Akafungwa. Mama yako naye akaugua, akafia hospitali ya Kabanga. Wewe ukawa unakwenda kukaa barabarani kila jioni, unamngoja baba. Ukakataa kula. Ukabaki mifupa. Shangazi yako akapita nyumba kwa nyumba, akasema mwambieni amekufa, alie mara moja yaishe. Tukaona ni huruma. Mtaa mzima tukakubali. Ukalia siku mbili, ya tatu ukala uji. Tukasema basi, tumefanya vizuri, asijue kamwe."

Stumai alikumbuka miezi minne ya kazi yake. Alikumbuka jinsi walivyoinamisha macho wakifika swali la kumi na saba, jinsi walivyosema alishakufa kwa sauti ya chini, kisha wakaondoka haraka kumletea kitu cha kula. Alikuwa ameandika kwenye daftari, kwa fahari ya mtafiti, kwamba wahojiwa huonyesha huzuni kubwa wanapotaja mashahidi wao. Hawakuwa wanahuzunikia shahidi. Walikuwa wanamhurumia muulizaji.

"Na wale wengine kumi na mmoja?"

"Ni Hilali huyo huyo. Alikuwa kijana mwaminifu, na mche aliokushikia haukukauka. Kila mtu alimwita."

"Wawili wameshaweka dole, Bibi. Kwa nini hawakusema?"

"Wangesemaje, mwana wanje? Habari ingefika kwako kabla ya jua kuzama. Na nani alijua kama atarudi? Walipima. Wakaona waondoke."

Hapo ndipo Stumai alipolielewa lote, na afadhali asingelielewa. Shangazi hakuuza majina tu. Alijua tangu mwanzo kwamba shahidi wa watu kumi na wawili anapumua. Alijua pia kwamba hakuna hata mmoja wao atakayelitamka jina lake, kwa sababu mtoto waliyemficha alikuwa anapita mlango kwa mlango na kalamu mkononi. Shangazi alikuwa amezifunga midomo nyumba kumi na mbili, na kufuli lilikuwa yeye Stumai.

"Ulijua hawatasema mbele yangu," alimwambia.

Mwajabu alitazama minyaa iliyolala chini ya gari.

"Nilijua wanakupenda," alisema.

Makarius alikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Sura yake haikuwa na tabasamu tena.

"Mama Mwajabu, wewe uliniambia shahidi kafa. Umeniingiza kwenye biashara ya majini." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Mimi sina ugomvi na mtu. Jumatatu saa tatu baraza la kata linakaa. Huyo Hilali akija kwa miguu yake akasema viwanja ni vyenu, nakunja jamvi langu, hata wale wawili nawarudishia karatasi zao. Asipokuja, Jumanne naleta greda. Na siamini kama atakuja. Mtu aliyekaa kimya miaka ishirini ana sababu zake."

Gari likarudi nyuma, likaukanyaga mnyaa mmoja zaidi, likaondoka.

Leo ni Ijumaa, msomaji. Hesabu mwenyewe.

"Yuko wapi?" Stumai aliuliza.

"Mabamba," alisema Bibi. "Alipofunguliwa hakurudi huku, alibaki kule mpakani. Analima, ana mke, ana watoto. Kila Idi ananipigia simu kusalimia mtaa. Ananiuliza fulani hajambo, fulani kaoa, bomba bado linatoa maji. Wewe hajawahi kukuulizia hata siku moja. Nami nikasema, mtu mwenye moyo wa jiwe hivyo, sitamtajia mtoto wake. Sikukutaja."

Stumai alidhani ameshaumia vya kutosha kwa siku moja. Kumbe bado palikuwa na nafasi. Baba hai humu humu mkoani, anakumbuka bomba, hamkumbuki yeye. Alitamani ainuke, aende zake, aache Nyarumanga yote ilimwe na greda. Mtafiti kamwuza, shangazi kamwuza, mtaa umemdanganya miaka ishirini, na mtu wa kuokoa viwanja ndiye aliyemtupa.

Kisha akaliona lile dole gumba la Bibi, bado lina weusi kwenye mikunjo.

"Nipe namba yake."

"Usipige," alisema Mwajabu.

Sauti ilikuwa nyingine kabisa. Stumai aligeuka. Shangazi yake, aliyekiri kuuza mtaa bila kupepesa jicho, alikuwa amekutanisha viganja kama anayeomba.

"Nakuomba, mwanangu. Fremu nitazikataa. Jumatatu nitakwenda barazani mimi mwenyewe, nitaapa kwamba nilimwona kaka yangu akishika miche yote, hata wanifunge. Lakini usimpigie."

"Unaogopa nini?"

Bibi Niyonsaba alifungua pindo la kitenge chake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Stumai akabonyeza namba moja moja.

Iliita muda mrefu. Ikapokewa na sauti ya msichana, nyuma yake mtu anatwanga.

"Halo?"

"Naomba kuongea na mzee Hilali."

"Baba yuko shambani, anakaribia kurudi. Nimpe ujumbe gani?"

"Mwambie anahitajika Kasulu. Jumatatu saa tatu, baraza la kata. Ni kuhusu miche ya Nyarumanga, atajua. Asipokuja, watu kumi na wawili wanapoteza viwanja vyao."

"Sawa. Nimwambie nani kapiga?"

Hapo Stumai angeweza kusema ni karani wa kata. Angeweza kukata simu. Alitazama migomba, akatazama kaburi katikati yake.

"Mwambie ni Stumai."

"Stumai ni mimi," msichana akasema, kwa mshangao wa kirafiki. "Wewe Stumai yupi?"

"Wa Kasulu. Binti yake."

Kule kutwanga kukaendelea. Msichana alipozungumza tena, urafiki ulikuwa umekwisha.

"Dada, usifanye mzaha na msiba wa watu. Stumai wa Kasulu alikufa kwa surua, mtoto mdogo, wiki moja na mama yake. Mimi nimepewa jina lake. Kila Idi baba anamsomea dua ndipo tunakula."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, na Bibi Niyonsaba alikuwa amesikia. Alishika mdomo kwa mkono wenye wino. Kumbe Hilali hakumuulizia Stumai maana aliyekufa haulizwi hali.

"Nani alimwambia kwamba amekufa?" Stumai aliuliza. Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Shangazi, dada yake baba. Alikuja mpaka hapa Mabamba kuleta msiba, mimi sijazaliwa. Baba anasema alikaa naye siku tatu wanalia wote." Msichana akashusha pumzi. "Subiri. Huyo baba anaingia. Nimpe simu?"

Stumai aliinua macho. Shangazi Mwajabu, katika kanga zake za Idi, alikuwa amepiga magoti kwenye mavumbi upande wa pili wa kinu, na anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana.

"Mpe," alisema Stumai.